Kivu: Umeme ukikatika katikati ya harusi, mpiga picha hubaki na mikono yake

Mjini Goma na Bukavu jua huzama karibu saa kumi na mbili za jioni, Januari sawasawa na Julai. Hakuna machweo marefu ya kungojea kama yale ya Ulaya wakati wa kiangazi: nusu saa baadaye ni giza. Na hiyo ndiyo saa ambayo sherehe nyingi za Jumamosi huanza kweli. Kumekuwa na ndoa kwenye ofisi ya tarafa, kumekuwa na ibada kanisani, msafara wa magari umezunguka mji kwa honi, na maharusi wanapofika mlangoni mwa ukumbi, taa tayari zinahitajika. Kama SNEL imetoa umeme, vizuri. Kama haikutoa, kuna jenereta. Na jenereta ikikohoa ikazima, kuna simu za wageni zilizoinuliwa juu.

Katika nchi ambamo takriban raia mmoja tu kati ya watano anapata umeme, kupiga picha kwenye mwanga hafifu si mchezo wa watu wenye nafasi. Ni kazi ya kila wiki. Kwa kawaida mpiga picha wa harusi hupokea avansi kabla ya siku, na pesa zilizobaki hutoka picha zikisha kuonekana. Bibi harusi hataingia ukumbini mara ya pili. Mama mzazi hatalia tena kwa namna ile ile wakati anapomkabidhi binti yake. Picha ikitoka imetikisika, hakuna wa kuambiwa turudie.

Jibu la haraka ni flashi, na flashi si adui. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alijenga jina lake Kinshasa kwa picha za baa na madansi ya usiku, enzi ya filamu, wakati ambapo bila mwanga wa kuongeza kamera haikuona mengi. Lakini kila aliyeifanya kazi hii anajua mipaka yake. Mwanga wa flashi hupungua kwa haraka sana: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo tu. Ndiyo sababu watu wa meza ya mbele hutoka weupe kama waliopakwa unga, na nyuma yao shimo jeusi ambamo kulikuwa wageni mia mbili. Mwenye ujuzi huielekeza flashi juu ili mwanga urudi kwa upole kutoka kwenye dari. Hiyo inafaa pale penye dari nyeupe. Chini ya turubai la bluu, mwanga hurudi wa bluu, na familia nzima inaonekana kama ya wagonjwa.

Kisha kuna mahali ambapo flashi haitakiwi kabisa. Kanisani, mapadri na wachungaji wengi hawaipendi wakati wa sala. Kwenye kilio, usiku wa mkesha, watu wameketi kuzunguka mishumaa na kwaya inaimba kwa sauti ya chini. Kumulika uso wa mjane kwa radi ndogo ya kamera ni kumkosea heshima, hata kama jamaa wenyewe ndio walioomba picha. Hapo mpiga picha hana budi kuutumia mwanga uliopo, bila miguu mitatu ya kusimamishia kamera, maana haina nafasi katikati ya watu. Kamera iko mkononi, na mkono ni nyama na damu: unatikisika.

Tundu, muda na namba ya ISO

Kamera ya dijitali hupata mwanga kwa njia tatu tu. Ya kwanza ni tundu la lenzi. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ile ya milimita 18 hadi 55, hufungua hadi f/3.5, na ukiivuta kuleta mtu karibu hujifunga hadi f/5.6. (Namba hizi huwasumbua wanaoanza: namba ndogo maana yake ni tundu kubwa.) Lenzi ya milimita 50 isiyovutika, yenye tundu la f/1.8, ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote.  Tofauti kati ya f/5.6 na f/1.8 ni karibu mara kumi ya mwanga. Picha iliyohitaji 1/5 ya sekunde, ambayo hakuna mkono unaoiweza kwa uhakika, sasa inahitaji 1/50. Mtu mwenye dola chache anayefikiria kubadilisha kamera nzima kwa sababu ya giza, mara nyingi angefanya vizuri zaidi kubadilisha lenzi.

Faida hiyo ina gharama. Tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayotoka kali ni nyembamba. Kwa lenzi hiyo, mtu akiwa umbali wa mita 2, unene huo haufiki shubiri moja. Jicho liko kali, sikio limeanza kufifia. Bwana harusi akisimama hatua moja nyuma ya mke wake, mmoja wao atapotea ukunguni. Kwa hiyo maharusi hupangwa bega kwa bega kwenye mstari mmoja, au mpiga picha hulifunga tundu kidogo na kutafuta mwanga kwingine.

Njia ya pili ni muda ambao pazia la kamera hubaki wazi. Kanuni ya zamani, tangu enzi ya filamu, inasema muda usiwe mrefu kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi: kwa lenzi ya 50, 1/50 ya sekunde; kwa lenzi ya 200, 1/200. Kwenye kamera zenye sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, urefu huo huzidishwa kwanza kwa 1.5 au 1.6, hivyo lenzi ya 50 inataka kama 1/80. Lenzi na kamera nyingi za sasa zina kifaa cha kutuliza mtikisiko ambacho humruhusu mtu kushuka chini zaidi ya hapo. Muuzaji hukitaja kwanza, na mnunuzi huondoka akiamini amenunua dawa ya giza. Kifaa hicho hutuliza mkono wa mpiga picha. Hakimtulizi anayecheza. Mtu aliyesimama kimya akisoma ahadi zake anaweza kupigwa kwa 1/60; wanaocheza muziki wakati wa kutoa zawadi wanahitaji 1/250 au zaidi, kifaa kiwepo kisiwepo.

Ya tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera hukuza mwanga mdogo iliopokea. Kutoka 100 kwenda 200, 400, 800, 1600, 3200 hadi 6400, kila hatua ni mara mbili. Kadiri inavyopanda, picha huingia chenga, kama zile za televisheni ya zamani iliyokosa antena. Zamani filamu ya 1600 ilikuwa tayari imejaa chenga. Mwaka 2007 kampuni ya Nikon ilitoa kamera ya D3 iliyofanya kazi kwa 6400 kama jambo la kawaida na kuweza kupanda hadi 25600, na tangu hapo kamera za bei ya chini nazo zimefuata polepole.

Hapa ndipo wengi wanaoanza hukosea. Waliambiwa kwamba ISO kubwa huharibu picha, basi wanaing'ang'ania 400 ukumbini, kamera inalipa deni kwa kuchelewesha pazia, na wanarudi nyumbani na kadi nzima ya picha safi zisizo na chenga hata moja, na zisizo na uso hata mmoja unaotambulika. Chenga husameheka. Picha ikichapwa kwa kipimo cha sentimita 10 kwa 15 cha albamu, au ikitumwa WhatsApp kwa shangazi aliye Lubumbashi, sehemu kubwa ya chenga haionekani tena. Programu nazo zimeendelea: tangu mwaka 2023 Lightroom ina njia ya kuziondoa kwa akili mnemba, na matokeo yake hushangaza, mradi picha ilihifadhiwa kama faili ghafi na si JPEG peke yake. Lakini uso uliotikisika hakuna programu inayourudisha kwa uaminifu. Kinachoweza kurudishwa ni uso wa kubuni, na mama wa bibi harusi atajua kwamba huyo si binti yake.

Gauni jeupe, uso mweusi

Kuna jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa mbali na hapa hulipita haraka. Kamera inapopima mwanga hudhani kwamba yote inayoyaona, yakichanganywa, yanatoa rangi ya kijivu ya kati. Bibi harusi wa Goma akijaza picha kwa gauni jeupe, kamera hushtuka: hapa pana mwanga mwingi mno. Inapunguza. Gauni linatoka kijivu, na uso wa ngozi nyeusi unazama gizani pamoja na macho yake. Mpiga picha akija kuuinua kwenye kompyuta, chenga zote zilizojificha kwenye giza hutokea hapo hapo usoni, mahali ambapo hazikutakiwa kabisa.

Si mashine tu. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitafutie. Kampuni za simu zimeanza kulizungumza waziwazi hivi karibuni tu. Google ilitangaza kazi yake kuhusu rangi za ngozi pamoja na simu ya Pixel 6 mwaka 2021.

Dawa ni rahisi na haigharimu kitu. Mwanga upimwe usoni, si kwenye gauni. Au kitufe cha kuongeza na kutoa kisogezwe upande wa kuongeza, hatua moja hivi, hata kama kufanya hivyo kunalazimisha ISO kupanda kutoka 1600 hadi 3200. Picha iliyopigwa kwa 3200 uso ukiwa umeangazwa vizuri huwa na chenga chache usoni kuliko iliyopigwa kwa 1600 uso ukiwa gizani kisha ikainuliwa. Wengi hawaamini mpaka waziweke picha mbili hizo pamoja.

Umeme wa jenereta na taa za LED huleta tatizo jingine. Umeme wa Kongo hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Kamera huona. Muda ukiwa mfupi, tuseme 1/500, picha hutoka na mistari ya giza iliyolala kama shuka la mistari. Ukirudi kwenye 1/100 au 1/50, mistari hupotea, lakini hapo mkono na wachezaji wanarudi kuwa tatizo. Kwa jenereta ndogo isiyotulia, hata hesabu hiyo huyumba, na kinachobaki ni kupiga nyingi na kuchagua.

Na jenereta ikizima kabisa, zile simu zilizoinuliwa zinaweza kuwa msaada kuliko kero. Mwanga wa simu ukimulikwa moja kwa moja usoni hutoa vivuli vya kutisha. Ukielekezwa kwenye kitambaa cheupe cha meza au kwenye ukuta, hurudi laini, na simu tatu au nne zinatosha kuangaza nyuso mbili kwa f/1.8.

Mwili ndio miguu mitatu

Viwiko hubanwa mbavuni. Mkono wa kushoto hukaa chini ya lenzi, si ubavuni mwake. Kamera hugusa paji la uso, kwa hiyo kutazama kupitia kioo kidogo ni afadhali kuliko kunyoosha mikono na kutazama skrini. Mgongo hutafuta nguzo au ukuta. Pumzi hutolewa nusu, kisha kidole hukandamiza polepole bila kupiga. Kupiga tatu au nne mfululizo husaidia kwa sababu isiyofikiriwa na wengi: kidole chenyewe hutikisa kamera kinapobonyeza na kinapoachia, hivyo picha ya katikati mara nyingi ndiyo kali.

Kuna pia ujanja wa kamba. Tundu lililo chini ya karibu kila kamera, lililotengenezwa kwa ajili ya miguu mitatu, hupokea boliti ya robo inchi, kitu kinachoweza kupatikana kwa wauza vyuma. Boliti hufungwa kamba yenye urefu wa mtu, ncha ya pili hukanyagwa kwa mguu, kisha kamera huvutwa juu mpaka kamba ikaze. Mkono uliokuwa ukipanda na kushuka hutulia. Baada ya kazi, kila kitu huingia mfukoni.

Na kuna kujua wakati. Anayecheza husimama kwa nukta ndogo kila anapogeuza mwili. Mzee anayehutubia hunyamaza kati ya neno na neno, kisha mkono wake husimama hewani. Anayeujua muziki huwa na picha kali zaidi kuliko mwenye kamera ghali asiyeusikia.

Msituni, saa moja tu

Nje ya mji, mwanga hafifu hauhitaji usiku. Magharibi ya Bukavu, katika mbuga ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, wanaishi gorila wa nyanda za chini za mashariki, aina isiyopatikana kokote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Saa sita mchana, chini ya majani yale, kunaweza kuwa na giza kama la jioni. Flashi ni marufuku. Mgeni hukaa na kundi kwa saa moja tu, akiwa na barakoa, kwa umbali usiopungua mita 7. Tangu Covid-19 wataalamu wanapendekeza 10.

Hapa kamera hukosea kwa upande wa pili. Manyoya meusi yakijaza picha, hudhani ni giza na kuongeza mwanga: dume mzima mwenye mgongo wa fedha hutoka wa kijivu, na muda wa pazia unarefuka bila sababu. Kitufe husogezwa upande wa kutoa, manyoya yanarudi kuwa meusi, na pazia linapata kasi ambayo mkono ulikuwa ukiiomba. Ni giza pekee ambalo hulipa.

Ukali wa picha hizo si wa kupendeza macho tu. Mikunjo iliyo juu ya pua ya kila gorila ni yake peke yake, kama alama za vidole, na watafiti na walinzi huitumia kumtambua mmoja mmoja: nani yupo, nani amezaliwa, nani hajaonekana tena. Picha iliyotikisika haina pua ya kusomwa. Ziara za watalii hutegemea usalama. Virunga ilifungwa mwaka 2018 baada ya shambulio, na tena mwaka 2020. Kazi ya kuwahesabu gorila haiwezi kungojea watalii warudi.

Usiku wa Nyiragongo

Simu nazo zimeingia katika kazi hii kwa nguvu. Hali ya usiku iliyoletwa na Google mwaka 2018 hupiga hadi picha 15 za haraka na kuziunganisha kuwa moja. Kamera ndogo za Sony zilikuwa na njia kama hiyo tangu 2009, zikiunganisha picha sita. Kwa jengo, ziwa au mji ulio mbali, matokeo huwa mazuri mno kwa kitu kilichopigwa mkononi. Kwa watu wanaotembea, hutoka vivuli vya watu wenye mikono mitatu. Na kuna hatari nyingine: mashine inayofanya usiku uonekane mchana haisemi kwamba imefanya hivyo.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka, anga la Goma liligeuka jekundu, na maelfu ya wakaaji walitembea gizani, wengine kuelekea Gisenyi nchini Rwanda, wengine kuelekea Sake. Katika saa za kwanza watu wengi hawakujua lava ilikuwa ikishuka upande gani, na picha zilizunguka kutoka simu hadi simu kama habari. Kamera ikiachwa ichague yenyewe, huongeza mwanga mpaka wekundu wa mbali uonekane moto wa mtaa wa pili. Lava ile ilifika Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege, lakini kutoka kwenye picha za namna hiyo mtu angeweza kuapa kwamba iko nyuma ya nyumba yake.

Anayepiga picha usiku wa namna hiyo akitaka iwe ushahidi, hushusha mwanga mpaka skrini ifanane na anachokiona kwa macho, huweka ndani ya picha kitu kinachojulikana, kama paa, mnara au bango la barabara, na huhifadhi faili ya asili bila kuigusa. Halafu kuna saa ya kamera. Zile zilizokaa muda mrefu bila betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha ya usiku ule ikiandikwa Januari mosi ya mwaka mwingine, mtaalamu wa volkano hawezi kuipanga popote.